Msingi wa Jumapili

Karani wa dirisha la majengo alilaza kidole kwenye kisanduku kimoja cha ile fomu, akakiacha hapohapo.

"Hapa," alisema. "Pa msingi. Pako peupe."

Fundi aliinama kuchungulia kupitia lile tundu la kioo, ambalo aliyelikata alilikata chini makusudi, nadhani, ili kila mwananchi afike hapo ameshainama. "Peupe vipi, kijana? Linta mmesaini. Paa mmesaini. Choo na shimo lake mmesaini. Msingi si ndio uliobeba vyote hivyo?"

"Nani aliuona kabla haujafukiwa?"

"Waliuona watu wengi tu. Kumi na kitu."

"Wa ofisi hii?"

"Mafundi."

"Baba, nauliza wa ofisi hii."

"Ilikuwa Jumapili," Fundi alisema, na hapo sauti yake ikapungua.

Kwenye foleni nyuma mtu alicheka puani. Mkewe Fundi, ambaye alikuwa amesimama pembeni amekumbatia bahasha ya karatasi zao zote, aligeuka akamtazama huyo aliyecheka mpaka akajifanya anakohoa. Mtaa mzima humwita Shangazi, kwa sababu ndivyo wanavyomwita watoto wadogo anaowalea mchana wazazi wao wakiwa kazini, na mtaa umezoea kufuata watoto.

"Sasa mwanangu," Shangazi alimwambia karani, kwa ile sauti ya kubembeleza mtoto anayekataa uji, "sisi tumekuja kuchukua cheti cha kukalia jengo. Nyumba imeisha, imepakwa na rangi. Tufanyeje?"

"Mkaguzi ndiye atasema. Kaeni kwenye benchi."

Wakakaa. Lile benchi la halmashauri mguu mmoja ni mfupi, kwa hiyo ukipumua wewe anatikisika mwenzako. Fundi alitaka kuliinamia alitie kipande cha kadibodi. Shangazi akamvuta shati. "Acha. Leo si siku ya kuwatengenezea vitu vyao."

Shida ya Shangazi ilikuwa moja, na ilikuwa na tarehe. Chumba alichopanga kwa ajili ya watoto, mwenye nyumba alikuwa anakitaka mwisho wa mwezi akigeuze stoo ya soda. Muhula mpya ulikuwa unafunguliwa Jumatatu. Watu wa elimu walikuwa wamemwambia bila kumficha: hatasajiliwa kwenye nyumba mpya mpaka alete cheti cha kukalia jengo, na asiposajiliwa asithubutu kulaza mtoto wa mtu humo. Wazazi walishaahidiwa. Sebule ya nyumba mpya ilishapakwa rangi ya manjano, na magodoro madogo yalishapangwa ukutani. Kilichobaki ni hicho kisanduku cheupe.

Mkaguzi alitoka akiwa amevaa buti za mpira zenye matope makavu, ofisini humo humo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, asiye na muda. Alisoma fomu amesimama.

"Kwa nini hamkunisubiri?"

"Mheshimiwa, nilipiga simu Ijumaa. Nikaambiwa Jumanne."

"Basi Jumanne ningekuja."

"Jumanne ungekuta msingi umeshakauka. Mafundi wenzangu wananipa Jumapili moja tu. Siku nyingine wako kwenye kazi za watu."

"Kibali chako kinasema nini? Zege lisimwagwe kabla mtaro haujaonwa." Alikunja fomu akamrudishia. "Sisemi kwamba umejenga vibaya. Nasema sijui. Na nisichokijua sikitilii sahihi. Chimba kwa nje, kona mbili, chagua mwenyewe. Uchimbe mpaka chini kabisa ya zege, niweze kuingia niguse. Alhamisi asubuhi nitakuja."

"Nifukue msingi wangu?"

"Kona mbili," mkaguzi alisema, akaondoka.

Nje ya geti walimkuta yule bwana ambaye yuko kwenye mageti yote ya ofisi zote, shati limechomekwa, kalamu tatu mfukoni. Watu wanamwita Muhuri. Alishajua habari yote, sijui ukuta gani ulimwambia.

"Mama, kwa nini mteseke na sululu?" alisema. "Sahihi ni sahihi hata ikichelewa. Kuna watu wanaweza kuurudisha nyuma huo ukaguzi, ukaonekana ulifanyika siku yake. Ni kujipanga tu."

"Kujipanga kiasi gani?" Shangazi aliuliza, na mkono ulishaingia kwenye pochi.

"Ngoja, ngoja, ngoja," Fundi alisema. Shingo ilikuwa imemvimba. "Nimlipe huyu ili msingi wangu uaminiwe? Kwani niliuiba? Ule msingi uliuona wapi wewe, bwana? Umewahi kushika mwiko?"

"Mzee, mimi nasaidia tu."

"Kasaidie kwenu."

Njia nzima walirudi hawasemezani, mpaka walipofika kwenye duka la rangi ndipo Shangazi alipolipuka. "Wewe unalinda sifa, baba. Mimi nina watoto wa watu. Jumatatu wazazi wananiletea watoto, niwaweke wapi? Juu ya sifa zako?"

"Nachimba."

"Najua unachimba."

"Nachimba, tena si mbili. Nachimba zote nne. Aje aone kazi, asimulie na wenzake huko ofisini."

Shangazi alishusha pumzi. Miaka yote hiyo ya ndoa alishajua kwamba mumewe akishasema neno "tena", hakuna wa kumrudisha.

*

Lazima niwaeleze hiyo Jumapili, maana bila hiyo mtamwona Fundi ni mkaidi tu.

Mafundi wa kijiwe chao wana desturi yao. Fundi anajengea watu maisha yake yote, na siku akijaliwa kuanza ya kwake, wenzake wanampa Jumapili moja bure: siku ya msingi. Wanakuja alfajiri na vifaa vyao, wanagawana kona na mitaro, na jioni msingi uko chini. Mwenye nyumba siku hiyo haruhusiwi kushika mwiko wala sululu. Kazi yake ni kugawa maji na kuitikia utani. Wanamwita "bosi" kutwa nzima, wanamtuma, wanalalamika chakula hakina chumvi, wanadai mshahara. Ni heshima kubwa na ni vurugu tupu.

Kona ya kwanza kuchaguliwa ni ya mkubwa wao. Huyo ni Timazi, mzee aliyemfundisha Fundi kazi tangu Fundi hajaota ndevu, yeye na nusu ya kijiwe. Walimpa jina hilo kwa sababu ukuta wake ulikuwa ukisimamishwa hauhitaji kamba. Na kuna jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliandika lakini wote wanalifuata: Timazi akimaliza sehemu yake, hakuna anayeweka pimamaji juu yake. Hakuna anayechungulia mtaro wake. Ungeanzaje? Ni sawa na kumnusa baba yako mdomo kujua kama amepiga mswaki.

Jumapili ile Timazi alichagua kona ya sebule. "Hapa ndipo watoto watalala," alisema, "hapa nachimba mwenyewe." Wakapiga makofi. Shangazi alilia kidogo, kwa furaha, akasingizia moshi.

*

Fundi alichimba kuanzia Jumanne. Kona ya kwanza, ya chumba chao cha kulala, ilitoka safi: zege nene, limeshikana, limekaa juu ya ule udongo mwekundu mgumu ambao sululu ikiugusa inarudi. Alimwita jirani aje aangalie.

"Unamzika nani?" jirani aliuliza.

"Namzika mkaguzi."

Ya pili ilikuwa ya Kokoto, rafiki yake wa utani, yule anayekula mara mbili kwenye kila msingi. Nayo safi. Fundi alimpigia simu palepale kumtukana kwa furaha. Ya tatu safi. Jumatano mchana, jasho linamtiririka na moyo umejaa, akahamia ya nne. Aliiacha ya mwisho kwa makusudi, mtu anavyoacha mnofu wa nyama pembeni ya sahani.

Sululu ilizama. Alichimba kushuka na ukuta, akafika kwenye zege, akalifuata chini, na zege likaisha mapema. Alidhani amekosea. Alipangusa kwa mkono. Lilikuwa jembamba kuliko kona zile nyingine, limejaa matundu upande wa chini, na nondo moja imechungulia nje, imeshaanza kutu. Chini yake hapakuwa na udongo mwekundu. Palikuwa na udongo mweusi, ule wa takataka za zamani uliojazwa pale kabla hata hajanunua kiwanja, na katikati yake jiwe moja kubwa. Fundi alisukuma kidole kwenye ule weusi. Kikaingia chote.

Alikaa chini ndani ya shimo.

Sasa akakumbuka ule ufa. Kwenye ukuta wa sebule, karibu na dirisha, kulikuwa na ufa mwembamba wa unywele. Shangazi alimwonyesha mara ya kwanza, naye Fundi akaupaka plasta. Ukarudi. Akaupaka tena, akasema ni plasta inakauka, nyumba mpya ndivyo zilivyo. Yeye, fundi wa miaka yote hiyo, ambaye angeuona ufa huo kwenye nyumba ya mtu angesema palepale: huko chini kuna jambo.

Shangazi alipoleta chai alimkuta anarudisha udongo kwa beleshi, haraka haraka.

"Umeshamaliza? Mbona unafukia?"

"Amesema mbili. Ziko tatu. Zinatosha."

"Juzi ulisema nne."

"Juzi nilisema mengi."

Shangazi aliweka kikombe chini. Alimjua huyu mtu. Alishuka shimoni na gauni lake, akimshika bega ili asianguke, akainama akatazama palipobaki wazi. Hajui ujenzi, lakini alikuwa amemletea mumewe chai kwenye misingi mingi. Alichukua konzi ya ule udongo mweusi, ukamwagika kati ya vidole.

"Hii ni kona ya mzee," alisema.

Fundi aliegemea beleshi.

"Ule ufa wa dirishani..."

"Ndiyo."

Ukweli ni kwamba Shangazi naye, kwa muda wa pumzi mbili tatu, alitaka kusema fukia. Sitamsingizia wema asiokuwa nao. Aliiona Jumatatu. Aliwaona wazazi mlangoni na vikapu vya maziwa. Mkaguzi mwenyewe alisema chagueni. Nani angejua? Nyumba ilikuwa imesimama, haikuwa na haraka ya kwenda popote.

"Ikianguka, inaanguka lini?" aliuliza.

"Haianguki. Labda haianguki. Itatitia. Inatitia kidogo kidogo, upande mmoja, mvua ikija. Siku moja linta juu ya dirisha linaachia." Alijipangusa uso, akauchafua. "Au miaka ishirini inapita hakuna kitu. Sijui, mama."

"Magodoro yako chini ya hilo dirisha."

"Tuyahamishe upande wa pili."

"Baba, watoto hawakai unapowaweka."

Fundi alitupa beleshi. "Unataka nifanye nini? Ni Timazi! Mimi niseme Timazi alinijengea juu ya takataka? Kesho kijiwe kizima kinajua. Nani atamwita tena kazini? Ana nini kingine yule mzee zaidi ya jina? Alinipa siku yake bure, kwa mikono yake, halafu nimwite mkaguzi aje amcheke?"

Alikuwa analia, na hakujisumbua kuficha. Shangazi alimwacha alie. Kisha akasema, polepole, "Mimi ndiye nitakayekaa humo ndani nao kila siku. Nitakuwa naimba nao huku naangalia linta. Siwezi. Cheti ninakitaka kuliko wewe unavyonitaka mimi, lakini siwezi."

"Usiseme hivyo."

"Basi nimekosea. Lakini siwezi."

Fundi alichukua beleshi tena, na safari hii akautoa ule udongo aliourudisha.

*

Alasiri ileile alikwenda kwa Timazi. Mzee alikuwa amekaa barazani, uso ameuelekeza njiani. Fundi alisimama mbele yake, umbali wa mkono mmoja tu kati yao, jua limemwangaza usoni.

"Nani?" mzee aliuliza.

"Ni mimi, mwalimu."

"Aa, Fundi! Karibu. Jua hili linaniumiza, sikukuona."

Jua lilikuwa nyuma ya mzee. Fundi aliliona hilo, na baada ya kuliona hilo akaanza kuona na mengine: kamba iliyofungwa kutoka mlangoni mpaka chooni, ambayo alidhani ni ya kuanikia nguo. Mkwe wake mzee alivyomwekea kikombe mkononi badala ya mezani. Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, aibu ya mtu aliyekuwa anakuja kumsalimia mwalimu wake kila wiki asimtazame hata siku moja.

Walizungumza mambo ya bei ya saruji. Walizungumza mambo ya Kokoto kuongezeka tumbo. Mwishowe Fundi akasema, "Kesho mkaguzi anakuja nyumbani. Wamenitaka nifukue kona."

"Nilisikia. Umefukua ngapi?"

"Zote."

Mzee alizungusha kikombe mkononi. "Na yangu?"

"Na yako, mwalimu."

Fundi alingoja aulizwe ikoje. Hakuulizwa. 

"Nitakuja," Timazi alisema.

Alifika Alhamisi kabla ya mkaguzi, ameshikwa mkono na mkwewe, akamrudisha mkwe kutoka getini. Kokoto alikuwepo pia, amekuja kuona kona yake ikisifiwa. Timazi hakusalimia sana. Alifuata ukuta kwa kiganja mpaka kona ya nne, akavua viatu, akashuka shimoni. Alipapasa zege kutoka juu kwenda chini. Aligusa ile nondo. Alipofika kwenye udongo alichukua konzi moja, akausugua kwa vidole, akaunusa.

"Mweusi," alisema.

"Ndiyo, mwalimu," Fundi alisema.

"Nilisikia sululu imegonga. Nikajua nimefika." Mkono wake ulikuwa umelifikia jiwe, ukalizunguka polepole. "Kumbe ni hili."

Kokoto alifungua mdomo atoe mzaha, maana ndiyo kazi yake, akaufunga.

Mkaguzi alikuja na buti zake, nyundo ndogo na tepu. Kona ya kwanza aliigonga, akapima, akaandika. Ya pili vivyo hivyo. "Safi," alisema. "Nilisema mbili, mbona umechimba nne? Unatafuta maji?"

Mtu angeweza kucheka hapo, wakanywa chai, kisanduku kikajazwa. Fundi alijua. Alimtazama mkewe, na mkewe akatazama chini.

"Njoo uone ya nne," Fundi alisema.

Mkaguzi alisogea, akamkuta Timazi bado yuko shimoni. Akainama, akatazama juu ya bega lake, na kalamu ikarudi mfukoni.

"Nani alichimba hapa?"

"Mimi," Fundi alisema. "Mimi ndiye mwenye nyumba. Kosa ni langu."

"Muongo huyo," Timazi alisema kutoka chini. "Siku ile hata mwiko hakushika. Alikuwa anagawa maji. Muulize yeyote." Alijinyoosha, akaelekeza uso pale aliposikia sauti ya mkaguzi, akakosea kidogo. "Kona ni yangu, mama. Nilichimba kwa kusikiliza. Sioni rangi ya udongo. Sijaona rangi ya udongo, huu mwaka wa tatu."

Kokoto alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa huko.

"Inatengenezeka," mkaguzi alisema, na sauti yake ilikuwa imepoa. "Mtashikilia ukuta kwa miti, mchimbe chini yake kwa vipande, mmwage upya. Lakini safari hii mtaro nitauona mimi kwanza. Zege likishakomaa nitarudi tena ndipo tuzungumze cheti."

"Shule zinafunguliwa Jumatatu," Shangazi alisema.

"Najua, mama. Ungependa nisaini?"

"Jana mchana ningependa," Shangazi alijibu. "Sasa nimeshaona."

*

Jumatatu alisimama mwenyewe kwenye mlango wa kile chumba cha zamani, akawaambia wazazi mmoja mmoja. Alikataa Fundi asimame naye. Wengine walimpa pole. Wengine walitazama saa. Mama mmoja, aliyevaa sare ya benki, alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Lakini si mumeo ni fundi? Fundi gani anashindwa na msingi wa kwake?" Kisha akamshika mwanawe mkono wakaenda, na mtoto akawa anageuka nyuma anapunga. Shangazi alipunga pia mpaka wakakata kona. Kabla ya saa nne alikuwa amepoteza karibu nusu ya watoto.

Waliobaki alikwenda kuwaombea kwa mwenye chumba. Alimkuta anahesabu makreti. Ilibidi asimame pale mpaka amalize, halafu aanze kuomba tangu mwanzo kwa sababu bwana yule alisema hakusikia. Akapewa mwezi mmoja, nusu chumba. Mchana watoto walilala upande huu na soda upande ule, na kila gari kubwa likipita barabarani chupa zililialia, na watoto wakacheka badala ya kulala.

"Umejuta?" Fundi alimuuliza jioni.

"Sana," Shangazi alisema. "Niletee maji."

*

Siku ya kuchimba upya ilipangwa Jumatano, kwa sababu ofisi haifanyi kazi Jumapili. Hiyo ina maana kila fundi aliyekuja alipoteza siku ya malipo kwa mtu mwingine, kwa hiyo waliokuja hawakufika hata nusu ya wale wa mwanzo. Fundi hakuwalaumu. Kokoto alikuja, amebeba miti ya kushikilia ukuta, na kwa mara ya kwanza hakuuliza chakula. Mkaguzi alifika mapema, akaikalia ndoo iliyopinduliwa, fomu iko mapajani.

Walipokwisha kusimamisha miti, Timazi akaja.

Kijiwe kizima kilikuwa kimeshasikia, bila shaka. Watu wakawa wachangamfu kupita kiasi. Mmoja akamsifu shati. Fundi alikimbia kumletea kiti, akakiweka kivulini, kizuri, chenye mto.

"Kiti cha nini?" mzee aliuliza baada ya kukipapasa. "Nani kafa?"

"Upumzike, mwalimu. Sisi tutachimba, wewe utatuelekeza."

"Niwaelekeze nini, na mimi ndiye niliyekosea? Hii ni kona yangu. Nipe sululu."

Fundi alimtazama mkewe. Shangazi, ambaye siku hiyo alikuwa amewaacha watoto kwa jirani ili awepo, alimfanyia ishara kwa kidevu: mpe. Akampa.

Timazi alishuka, akapima kwa mikono mahali ukuta ulipo na mahali miti ilipo, akaanza. Alichimba vizuri. Mwili ulikuwa haujasahau kitu, kila pigo lilianguka pale pigo la kwanza lilipoanguka. Udongo ulipandishwa juu kwa ndoo. Baada ya kitambo akasimama, akapumua, akasema bila kugeuka:

"Rangi gani?"

Sidhani kama walielewa mara moja. Mafundi walitazamana, wanaume wazima wenye wajukuu, wote wamefundishwa na mikono ile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa na Timazi kitu ambacho Timazi hakijui.

"Nauliza rangi gani. Mmekuwa mabubu?"

Fundi alipiga goti ukingoni. "Nyeusi, mwalimu."

Mzee aliendelea. Jasho lilikuwa limeshamlowesha mgongo. "Sasa?"

"Bado."

"Bado kweli, au unaniogopa?"

"Bado kweli."

Aliendelea. Pumzi ilikuwa inamtoka kwa nguvu, na Kokoto alimfinya Fundi mkono, kwa maana ya mwambie tu imetosha, tutamalizia wenyewe. Fundi alitamani kusema hivyo. Ulimi ulikuwa tayari. Ndipo sululu ikagonga kitu kigumu, na mlio wake ukasikika wazi mpaka kwenye ndoo ya mkaguzi.

"Nimefika," Timazi alisema, akaegemea mpini. "Huo ndio mlio wake."

Fundi aliruka shimoni. Aliinama kati ya miguu ya mwalimu wake, akafukua kwa vidole pale iliponasa ncha ya sululu. Alikaa hivyo kwa muda, ameinama, hataki kuinuka.

"Ni jiwe, mwalimu," alisema. "Jingine."

Uso wa mzee ulikunjamana, na kwa muda Fundi alidhani atapigwa. Alishawahi kupigwa na mkono huo kwa makosa madogo zaidi. Badala yake Timazi alitikisa kichwa, akapangusa macho yake yasiyomsaidia kitu.

"Litoe," alisema.

Wakalitoa wawili, mmoja anasukuma mmoja anavuta, Kokoto akalipokea juu akalibwaga mbali. Mzee akachimba tena. Pigo moja, mawili, matatu, na udongo uliopanda kwenye ndoo ukabadilika.

"Sasa?"

Fundi alichukua konzi moja, akaigeuza kwenye mwanga. Aligusa chini. Alisukuma kidole, hakikuingia. Alijaribu pembe ya pili, na ya tatu, akijua anasubiriwa, na hakuharakisha.

"Nyekundu."

"Usinipe heshima, Fundi. Niambie ilivyo."

"Nyekundu, mwalimu. Kote."

Mkaguzi aliinuka kwenye ndoo yake, akashuka na yeye akajionea. Alipopanda alipangusa mikono kwenye sketi, akatafuta kalamu, akaandika tarehe ya siku ile kwenye kile kisanduku cheupe na kutia sahihi chini yake. Shangazi alisimama nyuma ya bega lake akaitazama sahihi mpaka wino ukakauka. Bado kulikuwa na zege la kumwaga, na wiki za kungoja, na ile nusu chumba yenye chupa.

Shimoni, Timazi alikuwa ameegemeza sululu ukutani. Alijaribu kupanda mwenyewe, mguu ukateleza. Alijaribu tena.

"Haya, mmesimama mnaangalia nini?" alisema, na kunyoosha mkono juu, pasipo na mtu. "Niinueni."

Fundi alikuwa ameshapanda. Alilala kifudifudi ukingoni, akaufuata ule mkono pale ulipokuwa, akaushika.